Bibi Chokaa na Maktaba Iliyozibwa Pumzi

Marehemu, tuliyemwita Bibi Chokaa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953 katika nyumba ya mawe nyuma ya kituo cha reli, akiwa kitinda mimba. Mama yake alisimulia kwamba alianza kula ukuta kabla hajamaliza kuota meno. Akikatazwa huu, alihamia wa pili.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo relini, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1977 akahitimu shahada ya kemia. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya idara ya majengo ya kale. Kazi yake ilikuwa kutambua mota, yaani mchanganyiko unaoshikanisha mawe: kama ni chokaa tupu, chokaa yenye unga wa matofali, au saruji za mwanzo, ambazo hadubini huzifichua kwa chembe zake kubwa, kwa kuwa vinu vya zama zile havikusaga sawasawa. Sampuli aliichimba ndani kabisa ya kiungo, pale jiwe linapokutana na jiwe. "Usoni kila ukuta umejipodoa," alizoea kusema.

Mwaka 1981 aliolewa na mpima ardhi, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009. Wakiwa kwenye fungate, bwana aliamka akamkuta amepiga magoti akikwangua ukuta wa nyumba ya wageni.

"Mke wangu, tutafukuzwa."

"Watufukuze tu. Nimeshapata nilichotaka."

Hasira haipendezi mbele ya jeneza; uongo haupendezi zaidi. Mwaka 2011 idara ilikarabati maktaba ya zamani, ambamo marehemu alijifunzia kusoma. Mtaalamu aliyekodiwa alikwangua usoni, akakuta kiraka cha saruji, akatangaza kwamba jengo zima ni la saruji. Marehemu akachimba ndani, akakuta chokaa. Alionya kwamba saruji ngumu ingeufungia ukuta unyevu na mawe yale laini yangeoza. Mkuu wa idara akamcheka kikaoni: "Mama, wewe na chokaa yako mmezeeka pamoja."

"Naam, na ukuta pia. Ndiyo maana tunasikilizana."

Hakusikilizwa; kuta zikapigwa saruji. Ukuta wa mashariki uliporomoka katika mvua za mwaka 2016. Ripoti ikataja chanzo: uzee. Mpaka anafumba macho, hakuna aliyemwomba radhi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2019, matunda ya vumbi la maabara ambayo feni yake iliahidiwa kila bajeti. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024. Wodini alimwambia bintiye, "Mwanangu, msinijengee kwa saruji."

Juzi idara ileile ilileta mifuko ya saruji ya kujengea kaburi, pamoja na risala ya kumsifu. Binti aliwapokea langoni, akawapa maji ya kunywa, kisha akawasaidia kuirudisha mifuko garini. Risala nayo akaiweka juu ya mifuko hiyo. Kaburi mnaloliona ni la chokaa.

Ameacha binti, mtoto wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja, na ukuta wa magharibi wa maktaba, ambao bado umesimama chini ya saruji yao ukingoja wa kuibandua. Apumzike kwa amani, mahali panapopumua.