Wino Uliobadilisha Sura ya Baba Peres

Bwana asifiwe! Msifuni tena, na nyinyi mlio karibu na mlango mnaosikia harufu ya chai, msifuni hata nyinyi. Mimi ni dada yenu Risper wa Uriri, yule anayechapisha picha nyumbani kwake. Leo sikuja kushuhudia juu ya ugonjwa wala ajali. Nimekuja kushuhudia juu ya wino. Chekeni sasa, maana mbele kidogo mtaacha.

Ndugu zangu, printa yangu inakaa sebuleni juu ya meza, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Ndiyo inayonilisha tangu niache kushona nguo. Nachapisha picha za harusi, za ubatizo, za watoto waliomaliza shule, na zaidi ya zote picha za marehemu, kwa sababu huku kwetu mtu hazikwi bila picha yake kubwa kwenye fremu. Lakini ule wino wa kampuni iliyotengeneza printa! Kachupa kadogo, bei ya mbuzi, na kanaisha kabla harusi moja haijaisha. Nikaanza kutafuta wino wa kujazia, ule unaotengenezwa na watu wengine.

Sikukosa wa kunishauri. Migori mjini kuna Mwislamu mmoja mwenye duka la karatasi na vifaa vya ofisi, tunamwita Bwana Salim. Aliniambia, "Mama, wino wa kujazia si dhambi, hata mimi nauza. Lakini chagua ule umeandikwa jina la printa yako. Na kabla hujampa mteja, chapisha kipande, ukikate. Nusu weka ndani ya kitabu, nusu bandika dirishani kwa jua, halafu ungoje."

Kungoja! Mimi? Wanaonijua wanajua. Siku ya soko Uriri nilimkuta mchuuzi ana chupa za lita nzima zilizoandikwa kwamba wino ule unafaa printa zote. Printa zote, ndugu zangu! Hata kiatu hakifai miguu yote. Nikanunua, nikajaza kwa sindano, picha ikatoka inang'aa, nyekundu ni nyekundu kweli. Jumapili iliyofuata nilisimama papa hapa nikamshukuru Mungu kwa ajili ya wino ule. Mkapiga makofi. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile hakuna aliyenikumbusha.

Sasa, kuna dada yetu katika imani huko Sindo, Mama Peres. Mume wake alifariki, mtu aliyekuwa akiuza samaki na asiyependa kabisa kupigwa picha. Picha nzuri ilikuwa moja tu, ya kwenye simu, amevaa shati jekundu, anacheka. Niliichapisha kubwa, nikaitia fremu na kioo, ikatangulia mbele ya jeneza. Baada ya mazishi wakaitundika ukutani ikitazama mlango, kama tunavyofanya, ili mwenye boma aone nani anaingia. Na mlango ule unatazama upande wa ziwa, jua la alasiri linaingia mpaka ukutani.

Miezi haikuwa mingi, uso ukaanza kubadilika. Wekundu ukatoka kwenye shati, ukatoka kwenye mashavu, Baba Peres akabaki wa kijani kijani, na lile cheko likafifia. Mdogo wake, shemeji Odera, akasema, "Ndugu yangu anaondoka kwa hii nyumba. Kuna kitu alifanyiwa." Maneno yakatembea. Wengine wakataja chira, ile laana tunayoiogopa hata sisi tunaojifanya hatuiogopi. Watu wakaacha kunywa chai kwa Mama Peres. Mwishowe wazee wa boma wakapanga kukaa kikao siku ya Jumamosi, naye akaambiwa afunge vitu vyake, kwamba huenda akarudishwa kwao yeye na watoto watatu.

Akatuita sisi akina mama wa maombi. Alhamisi tukaenda sita, na mimi nikiwemo.

Ndugu zangu, nataka mjue kwamba nilijua. Kwangu nyumbani picha ya binti yangu, ile ya siku aliyomaliza chuo, ilikuwa imegeuka kijani vile vile karibu na dirisha. Nilikuwa nimeificha kabatini chini ya mashuka. Nilijua kabisa! Lakini kusema ni wino ni kusema ni Risper, na nani tena ataniletea picha zake? Nikaona afadhali lawama ziende kwa shetani, yeye amezoea.

Tukaomba. Kiongozi wetu akapaka fremu mafuta, akakemea, "Toka ndani ya picha hii!" Na aliyeitikia amina kubwa kuliko wote alikuwa nani? Mimi! Nilikuwa namkemea pepo niliyemnunua mwenyewe sokoni na kumjaza kwa sindano.

Baada ya maombi Mama Peres akaandaa ugali na samaki. Akaniwekea mimi kipande kikubwa kuliko vyote, akasema mbele ya wenzangu, "Dada Risper, wewe ulimtengeneza mzuri. Mimi ndiye nimemharibu. Asubuhi ile ya mwisho nilimjibu vibaya. Hajanisamehe." Akafunika uso kwa leso yake akalia.

Yule mama alikuwa ameshakubali! Alikuwa amejihukumu mwenyewe kabla wazee hawajakaa. Nilijichukia. Niliogopa pia, sitaficha. Roho Mtakatifu hakunipigia kelele, alininyima tu hamu ya ule samaki. Nikasema moyoni, Bwana, nishike, maana nasimama. Nikasimama.

Nikasema, "Mama Peres, hakuna pepo. Ni wino. Ni wino wangu, na nilijua tangu zamani."

Kiongozi wetu bado ana chupa ya mafuta mkononi. Shemeji Odera, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akanitazama akasema, "Nyar Uriri, binti wa watu, wacha hiyo. Nyinyi wanawake mnajua sana kufichana." Hakuniamini! Siku ya kwanza nasema kweli, na hakuna wa kuipokea.

Nikaomba picha ishushwe. Nikang'oa vijisumari vya nyuma, nikaitoa karatasi yenyewe. Na hapo, ndugu zangu, Mungu aliniandalia shahidi. Kuzunguka ukingo wote, pale ambapo mbao za fremu zilikuwa zimefunika na jua halikufika, palikuwa na ukanda wa upana wa kidole. Kwenye ukanda ule bega la Baba Peres lilikuwa jekundu kama siku niliyomchapisha.

Nikampa Odera. Aliishika muda mrefu. Akapitisha kidole pale nyekundu inapokutana na kijani, akarudia, akarudia tena. Kisha akasema polepole, "Yawa! Kumbe ndugu yangu amekuwa tu kwa jua." Akacheka. Halafu yule mwanamume akalia, na wenyeji wanasema hata siku ya mazishi hakulia. Akamgeukia Mama Peres, "Shemeji, nisamehe. Rudisha vyombo vyako kwa kabati." Haleluya! Jumamosi wazee walikuja kama walivyopanga, wakakalishwa sebuleni, na wote wakanywa chai ya nyumba ile.

Mimi nilirudi kwa Bwana Salim. Hakunicheka, au alicheka nilipotoka. Na nisidanganye mbele ya madhabahu kwamba nilirudi kwa wino wa kampuni. Bado najazia. Lakini nilichagua ule uliotengenezwa kwa printa yangu, nikabandika vipande dirishani, nikangoja wiki tano nzima. Majirani wakauliza kama nimeanza uganga. Aina mbili zilififia, ya tatu ikasimama imara, nusu yake ya dirishani na nusu yake ya kitabuni, huwezi kuzitofautisha. Ndiyo ninayotumia, na bado namwambia kila mteja asitundike picha juani.

Nikamchapisha Baba Peres upya, maana picha ya asili nilikuwa nimeihifadhi. Odera mwenyewe ndiye aliyehamisha msumari, akaupeleka ukuta wa pembeni wenye kivuli. Kisha nikazunguka kwa wateja wote wa wino ule, Uriri, Sindo, mpaka Kegonga, nikibadilisha picha na kuomba msamaha. Wengine walinigombeza, na walikuwa na haki. Mama mmoja wa Kegonga alisema alidhani ni macho yake yanaharibika, ameshanunua miwani! Tulicheka mpaka tukashikana. Na wateja niliodhani watakimbia, wengi wamebaki. Nina amani, ndugu zangu. Nalala vizuri, nakula samaki wangu wote.

Namshukuru Mungu, nawashukuru akina mama wa maombi walionisamehe, na namshukuru Mama Peres, ambaye Jumapili hii ameketi pale mstari wa tatu na watoto wake, na baada ya ibada anarudi nyumbani kwake.

Sasa nakuomba wewe unayenisikia. Huenda kuna mtu nyumbani kwenu anayebeba lawama iliyo yako, na wewe unamsaidia kuomba. Usimwache afunge vitu vyake. Sema leo. Mimi niliogopa kwamba nikisema nitabaki peke yangu na aibu yangu. Nilipofika kwenye aibu ile, nilimkuta Yesu amenitangulia, ananingoja. Mtegemee.