Ittiavira Pothen, Baharia Aliyekataa Kujuta (1924–2006)

Marehemu Ittiavira Pothen alizaliwa tarehe 3 Juni 1924 hapa Kainakary, Kuttanad, kusini mwa India, akiwa mtoto wa tatu wa Pothen Ittoop, mkulima wa mpunga, na mkewe Mariam. Alibatizwa katika kanisa hili hili tunalomzikia leo.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya hapa kijijini na kuyamalizia Alappuzha mwaka 1941. Huko alichapwa mbele ya darasa kwa kusahihisha hesabu ya mwalimu ubaoni. Mwenyewe alipenda kusema, "Fimbo nilizila, lakini jibu lililobaki ubaoni lilikuwa langu."

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wanamaji la Wahindi chini ya Waingereza, akafunzwa kupokea na kutuma habari kwa redio, kwa kugonga alama za Morse. Aliahidiwa ufundi na heshima. Alichopewa ni dengu zenye changarawe, mshahara mdogo kuliko wa mzungu wa cheo chake, na kamanda aliyewaita mabaharia wake watoto wa makuli. Vita vikaisha, wakaambiwa wajiandae kurudi makwao, hawana kazi tena.

Asubuhi ya tarehe 18 Februari 1946, kituoni kwao Bombay, mabaharia walikataa kifungua kinywa na kazi. Marehemu ndiye aliyekaa kwenye mtambo wa redio na kuzipa meli habari. Kufikia kesho yake meli nyingi zilikuwa zimeshusha bendera ya Mwingereza. Wenyeji wa Bombay waliwaletea mikate na ndizi hadi ufukweni, na askari wa Kihindi waliowekwa kuwazuia wakageuka kutazama kwingine.

Siku ya tano mgomo ulikwisha, na marehemu hakutaka tudanganyane kuhusu sababu. Walikuwa wamejua kuanza, hawakuwa wamepanga pa kufika. Jeshi la nchi kavu halikujiunga nao. Ndege za kivita zilipita juu ya milingoti, na mjini watu zaidi ya mia mbili waliuawa kwa risasi. Viongozi wetu wakubwa, waliokuwa tayari mezani na Mwingereza kujadili uhuru, waliwashauri wasalimu amri.

Rafiki yake, Dawood Parkar wa Ratnagiri, ndiye aliyemletea karatasi ya kusalimu amri aitume.

"Tuma, Avira."

"Tuma wewe. Vidole unavyo."

"Wenzetu wa melini wanakuamini wewe. Wakisikia mkono mwingine ukigonga watadhani ni mtego, wataendelea kupigana, watakufa."

Marehemu aliituma. Alituambia kwamba hakuwahi kufanya kazi nzito kuliko ile.

Alikaa kizuizini wiki saba, kisha akatiwa kwenye treni na barua ya kufukuzwa. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata, lakini kazini hakurudishwa. Alifungua duka la kutengeneza redio Alappuzha, akaliendesha miaka arobaini na moja.

Tarehe 14 Januari 1952 alifunga ndoa na Eliswa, mama yetu. Babu yetu mzaa mama alipinga.

"Mwanangu, huyu kafukuzwa jeshini!"

"Baba," mama akamjibu, "hapa kijijini ni wangapi wengine waliofukuzwa na Mfalme wa Uingereza?"

Mwaka 1974 afisa mmoja alimletea fomu ya kuombea pensheni, akamtaka kwanza aandike kwamba anajutia utovu wake wa nidhamu. Mimi, Treesa, niliyekuwa na miaka kumi na mitano, nilimshikia karatasi. Aliandika: "Ninajuta kwamba tulisalimu amri." Afisa akasema, "Mzee, ukiandika hivi hupati kitu." Marehemu akamjibu, "Basi andika na hilo."

Mwezi Agosti mwaka huu alipatwa na kiharusi, akapoteza sauti na mkono wa kulia. Wauguzi walidhani mkono wa kushoto unatetemeka. Mama, aliyefundishwa na mumewe lugha ya redio walipokuwa wachumba, akausikiliza ukigonga kwenye chuma cha kitanda, akacheka. "Anasema daktari aache kumpigia kelele. Kapooza, hajawa kiziwi." Alifariki dunia nyumbani Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2006, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha mjane, Eliswa, watoto watatu, Kuncheria, Pailo na mimi, wajukuu saba, na Mzee Parkar, aliyepanda treni jana na kukataa kukalia kiti tulichomwekea hapa kanisani. Anasema kwa Avira atasimama.

Vitabu vya shule vimewapa wenzake mistari miwili, na vinasema walishindwa. Ni kweli, walishindwa. Lakini kwa siku tano hakuna aliyewaita watoto wa makuli.

Baba, pumzika kwa amani. Uendako hakuna wa kukuamrisha usalimu amri.