Sweta ya Tarishi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kwanza, halafu uje ukae. Leo tunamkumbuka mfumaji. Alifuma soksi, kofia za watoto wachanga, mifuko ya chupa za maji ya moto, na zaidi ya yote alifuma shali. Alifariki Jumatano ya wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mtaani kwake walimwita Dada Mkubwa.

Jina hilo lilitoka kwa mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, wote wasichana. Mdogo alimwita hivyo tangu utotoni, majirani wakalidaka, na mwishowe hata watu waliomzidi umri wakawa wanamwita Dada Mkubwa. Yeye hakukataa. "Ukubwa ni jaa," alikuwa akisema. "Leteni takataka zenu."

Kwa miaka thelathini alifanya kazi ya udobi hospitalini. Mashuka, mablanketi, kanzu za wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake. Waliofanya kazi chini yake wanakumbuka namna alivyokagua. Hakuangalia madoa tu. Aliinua shuka mpaka puani akavuta pumzi. "Nguo ikinuka mtu, bado haijafuliwa," aliwaambia, na shuka lilirudi kwenye maji.

Alipostaafu, sebule yake ikawa darasa. Kila Jumamosi alasiri. Benchi moja, viti vitatu, kapu la uzi katikati. Uzi mwingi haukuwa mpya. Ulitoka kwenye sweta kuukuu ambazo watu walimletea azifumue. Na somo la kwanza lilikuwa shali. Hakumwanzisha mtu kwa kitu kingine.

Shali yake ilikuwa rahisi. Unaanza na vitanzi vitatu kwenye sindano. Kila mstari unaongeza kitanzi kimoja mwanzoni, unafuma mpaka mwisho, unageuza. Unaongeza kimoja tena, unafuma. Basi. Inapanuka yenyewe mpaka inakuwa pembe tatu ya kumfunika mtu mabega. "Ukiweza kuhesabu mpaka moja," aliwaambia, "shali utaiweza."

Mmoja wa wanafunzi wake ni askari mstaafu, ambaye wote wanamwita Afande. Daktari alimshauri avipe vidole vyake mazoezi. Nilimtembelea wiki iliyopita, akanionyesha shali yake ya kwanza. Ni ngumu kama mkeka. Alikuwa akiukaza uzi mpaka sindano haipiti.

"Afande, legeza mkono," Dada Mkubwa alimwambia. "Uzi haujafanya kosa lolote."

"Ndivyo nilivyozoea, Dada Mkubwa."

"Basi zoea kingine."

Sasa nije kwa mdogo wake. Yeye ni fundi cherehani, na duka lake liko milango mitatu kutoka nyumba ya dada yake. Walitaniana kila siku juu ya kazi zao. Dada Mkubwa alimwambia, "Wewe ukikosea, umeshakata kitambaa. Mimi nikikosea, navuta uzi, naanza upya." Mdogo akajibu, "Ndiyo maana mimi huwa sikosei."

Mdogo huyo aliolewa na tarishi wa posta. Mwaka wa harusi yao, Dada Mkubwa alimfumia shemeji yake sweta ya rangi ya majivu. Tarishi aliivaa kwenye baiskeli miaka ishirini na miwili. Kola ililegea upande wa kushoto, kwa sababu huko ndiko ulikopita mkanda wa mkoba wa barua. Viwiko vikalainika. Kisha tarishi akaugua kwa muda mfupi, akafariki.

Miezi mitatu baadaye, mjane alimletea dada yake ile sweta. Aliiweka kwenye meza ya sebuleni. Akasema, "Dada, kiwiko kimetoboka. Nizibie tu."

Nizibie tu. Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa, maana mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo.

Dada Mkubwa aliigeuza sweta ile dirishani. Tundu lilikuwa pana kama kiganja, na uzi kulizunguka ulikuwa umechakaa. Aliona kiraka hakitashika. Aliona pia kwamba mdogo wake hataivaa sweta ya mwanamume, itakaa kabatini iliwe na nondo. Lakini shali angeivaa kila siku. Na sweta ile aliifuma yeye mwenyewe. Kwa mfumaji, aliyefuma ndiye mwenye ruhusa ya kufumua.

Binti wa Dada Mkubwa ni mwalimu, na alikuwepo nyumbani siku hiyo. Ananiambia, "Mama alifurahi sana. Alisema, mume ameivaa miaka ishirini na miwili, sasa iliyobaki ataivaa mke. Na mimi nilimwambia ni wazo zuri. Naomba na hilo ulitangaze."

Nimelitangaza.

Akaifumua. Alikata nyuzi za maungio ya ubavuni, akaanzia shingoni, akavuta. Uzi ulitoka na mawimbi, kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi. Aliuzungushia mgongo wa kiti, akaufunga sehemu nne usitatizike, akautia kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni. Akauanika na chupa ya maji ikining'inia chini yake, ili unyooke. Ulipokauka alianza. Vitanzi vitatu. Kila mstari, kimoja. Wiki mbili, shali ikawa tayari.

Jumamosi mdogo wake alipita kuchukua sweta yake. Darasa lilikuwa limejaa. Afande alikuwepo, na haya ni kama alivyonisimulia yeye.

"Dada, sweta iko wapi?"

"Jitande hii shali kwanza uone."

"Nimetandwa na kazi dukani, mwenzio. Sweta iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo? Uzi ni uleule. Nimetoa wa viwiko tu, ulikuwa umeoza."

Mdogo aliichukua shali, akaipeleka usoni. Akakaa nayo hapo kidogo.

"Umeifua?"

"Nimeifua mara mbili. Uzi mchafu haufumwi."

"Ilikuwa na harufu yake, dada."

Afande anasema alizikodolea macho sindano zake kama mtu anayesomewa mashtaka. Fundi cherehani aliikunja shali mara nne, ncha kwa ncha, kama anavyokunja nguo za wateja wake. Akaiweka kwenye kiti. Akatoka.

Hakuingia tena katika nyumba ile kwa miaka sita.

Msidhani waligombana. Hawakugombana hata siku moja. Walikutana bombani, walikutana sokoni. Mdogo alisema, "Shikamoo, dada." Mkubwa alijibu, "Marahaba." Kila mmoja akashika njia yake. Miaka sita, maneno mawili. Heshima haikupungua hata punje, na ndiyo iliyomuumiza zaidi Dada Mkubwa. Binti anakumbuka mama yake akisema, "Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu."

Watu walimshauri aende akaombe radhi. Afande alimshauri. Binti alimshauri. Jibu lilikuwa lilelile: "Niombe radhi kwa kumfumia mtu shali? Na mimi ndiye mkubwa?"

Badala ya kwenda, alituma vitu. Alituma soksi. Alituma mfuko wa chupa ya maji ya moto. Mdogo alipopata wajukuu, zilikwenda kofia tatu, mbili za njano na moja ya kijani. Vyote vilipokelewa. Kila mara lilirudi neno "asante", likipita mdomoni mwa mtu mwingine. Mwenyewe hakuja.

Mwaka wa nne Dada Mkubwa aliifumua ile shali. Aliamua kuirudisha sweta.

Hapa ndipo Afande alipopata kazi, kwa sababu kimo chake na cha marehemu tarishi kilikuwa kimoja. "Nilisimama katikati ya sebule wiki tatu," anasema. "Hata paredi sikuwahi kusimama hivyo. Nikijikuna, ananichoma na sindano." Dada Mkubwa alifuma kwa kumbukumbu na kwa picha moja ya harusi. Uzi haukutosha, akautafutia mwenzake wa rangi ileile, akauweka sehemu za ndani. Ilipokwisha, alitundika kwenye kola, upande wa kushoto, mfuko wa unga wa kilo mbili. Ulining'inia siku tisa. Alitaka ilegee kama ilivyolegezwa na mkoba wa barua.

Binti aliipeleka dukani. Anasema mama yake mdogo alisimamisha cherehani, akaitandaza sweta juu ya meza ya kukatia. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma. Akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Kiwiko kilikuwa kizima.

"Mrudishie mama yako," alisema. "Mwambie imefanana sana."

Binti aliurudisha ujumbe kama ulivyo. Dada Mkubwa aliuliza, "Alisema kwa hasira?" Binti akajibu hapana. Mama akasema, "Hilo ndilo baya." Akaendelea kufuma kofia aliyokuwa nayo mkononi.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, kisha mikono. Darasa la Jumamosi liliendelea, wanafunzi wakifuma na yeye akisahihisha kwa mdomo. Kisha likasimama.

Jumapili moja binti alimfuata mama yake mdogo nyumbani kwake. Alikuwa ameshapeleka habari za ugonjwa mara kadhaa, na mama mdogo alikuwa akituma uji na matunda. Safari hii hakutaja ugonjwa. Alisema, "Mama mdogo, mama hafumi tena."

Jumatatu asubuhi, fundi cherehani alifunga duka. Alitembea milango mitatu. Alisahau hata kuvua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni.

Nilizungumza naye Ijumaa iliyopita, dukani kwake. Hakulia, na mimi sikutaka kumsukuma. Nawasomea maneno yake kama nilivyoyaandika.

"Nilimwamkia, akaitikia. Nikakaa kitandani, upande wa miguu. Hakuwa na kitu mikononi. Tangu nipate akili sijawahi kumwona dada yangu mikono mitupu, nikawa sijui nitazame wapi. Akasema, 'Uliniambia nikuzibie kiwiko.' Nikasema, 'Ndiyo, dada. Kiwiko tu.' Akasema, 'Sikukusikiliza. Nilijisikiliza mwenyewe. Nisamehe, mdogo wangu.'"

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia, 'Nimesikia, dada.'"

Nimesikia. Hilo ndilo alilosema. Akamnywesha maji, akamtengenezea mto, wakazungumza habari za wajukuu. Dada Mkubwa aliuliza kama zile kofia ziliwatosha. Mdogo akasema ya kijani ilikuwa kubwa mno. Wakacheka. Binti alikuwa jikoni, alisikia kicheko hicho, anasema alizima jiko ili asikie vizuri.

Nilimuuliza fundi cherehani kwa nini alisema "nimesikia", asiseme "nimekusamehe".

"Miaka sita nililingoja neno lake," alisema. "Soksi zinakuja, kofia zinakuja, sweta inakuja, neno haliji. Lilipokuja, niliona haya kulijibu palepale, kama mtu aliyekaa na chenji mkononi. Nilitaka nikae nalo kwanza. Nijue ni kweli nimemsamehe, nisije nikasema kwa sababu anaumwa. Nikamwambia nitarudi Alhamisi, Alhamisi huwa sina wateja wengi. Jumanne jioni nikajua. Nilikuwa natia vifungo kwenye shati la mtu, nikajua kwamba nimemsamehe, tena zamani. Jumatano asubuhi, saa nne, wakaja kuniita."

Alhamisi, ile siku aliyokuwa amepanga kurudi, ndiyo siku waliyomzika dada yake.

Nilimuuliza kama angependa nimsemee neno lake hapa redioni, kwa jina la dada yake, watu wote wasikie. Nilidhani ningemsaidia. Alifikiri, akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano ya cherehani, akashusha mguu wa mashine.

"Hapana," alisema. "Halikuwa la watu. Lilikuwa lake."

Akaendelea na kazi. Sikuuliza tena.

Tunatoa pole kwa binti wa marehemu, mwalimu, na kwa wajukuu wote. Tunatoa pole kwa Afande na wanafunzi wenzake, na kwa madobi wa hospitali aliowafundisha kazi. Kwa mdogo wake, fundi cherehani, pole sana, mama. Mungu ampumzishe dada yako mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, sina mengi ya kuongeza. Pengine yupo mtu aliyekuomba radhi, na jibu lake unalo wewe, umelihifadhi, unangoja siku nzuri. Leo ni Jumanne. Saa tisa na dakika ishirini. Zima redio, uende.