Rangi za Kioo

Asubuhi ile kwenye treni, dada mmoja mbunifu wa kadi za harusi alikuwa anafoka, na aliyeangukiwa na mvua hiyo ya maneno ni jirani yake wa kiti, muuza laptopu.

“Dukani niliomba laptopu ya kuchorea, kaka! Wakanisifia wembamba, wakanisifia wepesi, utadhani nanunua kanga. Rangi hakuna aliyeitaja. Kwenye kioo naona nyekundu, kuchapa kadi mia tatu zimetoka kahawia!”

“Pole, dada. Dukani kwangu rangi za kila kioo nazikagua mwenyewe, kwa macho haya.”

Dada akapoa kidogo. Akachomoa kadi moja mkobani, kahawia tupu, naye aione aibu hiyo.

Muuzaji akaigeuzageuza. “Mbona kijani chenyewe kimetulia?”

Treni ikasimama kituo cha dada kushukia. Hakushuka; alikuwa bado anayakodolea yale macho yanayokagua vioo.