Kiti cha Saa Kumi

Benchi lililo mbele ya duka la Fundi Cherehani lina sheria moja tu, nayo imeandikwa mlangoni kwa chaki ya kukatia nguo: ANAYESEMA SIASA ASIMAME. Benchi la kwanza lilivunjika mguu wakati wa uchaguzi, watu wazima wawili walipokunjana mashati, na Fundi ndiye aliyeyashona mashati yote mawili. Ndipo akachonga benchi jipya na kutunga sheria mpya. Ukisema siasa unasimama, na husimami kwa dakika: unasimama mpaka kahawa iishe birikani. Sheria ilidumu vizuri, maana watu wenyewe walikuwa wa mpira tu. Jumamosi moja, saa tano asubuhi, mpira wenyewe ukawaponza.

Fundi alikuwa akipinda suruali, mguu kwenye pedali, jicho kwenye simu. Ujumbe wa binti yake alikwisha kuusoma mara nne. "Baba, wananitaka nikae kiti cha saa kumi. Wanataka jibu kabla ya saa saba. Nifanyeje?"

Kiti cha saa kumi jioni ya kila Jumamosi redioni kilikuwa cha mtangazaji wa michezo ambaye mji mzima ulimwita Dakika Tisini. Siku kumi nyuma, akiwa nyumbani kwake, bwana huyo aliandika kwenye ukurasa wake wa simu kwamba kuwabomolea watu nyumba ili uwanja wa mpira upate pa kuegesha magari ni ukatili. Kituo kikasema mtangazaji wa michezo haruhusiwi kuwa na upande, kikamsimamisha kazi. Jumamosi iliyofuata wenzake wote walikataa kukikalia kiti chake, na kipindi kikajazwa ngoma tupu saa nzima. Sasa kituo kilikuwa kimeshuka hadi kwa binti wa Fundi, msomaji wa hali ya hewa, mwenye mkataba wa majaribio wa miezi mitatu.

Fundi hakumwambia mtu. Alitaka kwanza kusikia benchi linasemaje, kama mtu anayeulizia dawa ya jino la rafiki.

— Hivi yule Dakika Tisini alikosea, au hakukosea? aliuliza, akijifanya anatafuta sindano.

— Hakukosea! alidakia Refa, mzee aliyechezesha mechi za mtaani miaka ishirini na bado anazungumza kwa kunyoosha mkono. Aliandika saa ngapi? Kipindi kimekwisha, mtu yuko kwake na kandambili zake. Filimbi ya mwisho ikishalia, mimi sina kadi. Mchezaji akinitukana njiani, hayo ni mambo ya njiani.

— Acha hizo, Refa. Jezi unaivua, namba inabaki mgongoni.

Huyo alikuwa Kaimu. Alikaimu ukuu wa ofisi miaka kumi na moja, akastaafu angali kaimu, na jina likamfuata hadi nyumbani.

— Mimi, aliendelea, hata nikichagua nyanya sokoni, watu walisema ofisi inachagua nyanya.

— Na ofisi ikasema nini?

— Ikanyamaza. Ndio ukubwa huo. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno. Sasa yule kazi yake ni kelele. Neno kalitoa wapi? Kapewa!

— Kapewa na nani tena?

— Na kituo chenyewe! Kwani hamwoni? Zamani kipindi kile alikuwa akikisikiliza nani? Wiki iliyopita mji mzima ulifungulia redio kusikiliza nani hatasema.

— Mimi ile ngoma niliisikiliza yote, alikiri Mama Birika, muuza kahawa, ambaye hukaa pembeni ya benchi na birika lake katikati ya miguu.

— Umeona? Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nguo usiziingize, alisema Fundi. Niko kazini.

Refa alitikisa kichwa. Yeye aliona mbali zaidi.

— Hapana, bwana. Hii ni njama ya marefa. Fikiri: mpira bila mtangazaji, nani atajua kama refa kakosea? Wataanza na redio, halafu watawaziba midomo mashabiki. Ningekuwa bado uwanjani, ningeunga mkono.

— Wewe Refa unafikiri kidogo sana, alisema Kaimu, akishusha kikombe ili apate mikono yote miwili. Tuichukue ngoma yenyewe. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Ile ililia saa nzima. Ilipasuka?

— Haikupasuka.

— Basi haikuwa ngoma. Ilikuwa taarifa! Mtu mmoja mahali fulani anahesabu mapigo na kuandika. Na mtu huyo ni serikali.

Benchi zima likamgeukia Fundi. Fundi akanyoosha mkasi kuelekea barazani.

— Simama, Kaimu.

— Kwa lipi? Nimesema serikali, sijasema siasa!

— Simama, mzee mwenzangu. Sheria ni sheria.

Kaimu akasimama, kikombe mkononi, ameudhika kama mtu aliyeshushwa kwenye gari alilolipia nauli.

— Vizuri, alisema. Lakini kama neno moja tu limenisimamisha mimi, basi na yule alisimamishwa kwa haki. Kituo kina benchi lake.

Fundi aligutuka. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amekwisha kuanza kuelekea upande wa Refa, na sasa mkono wake mwenyewe, ule wenye mkasi, ulikuwa umefanya kazi ya kituo.

— Si sawa! alipinga Refa. Hapa tuko barazani. Yeye alisema akiwa kwake. Mtu ana haki ya kusema ukatili ni ukatili, hata awe anauza...

— Haki! Kaimu alimrukia. Kasema haki! Fundi, mbona mkasi umelala?

Fundi alifikiri. Haki ni siasa? Jana angesema hapana. Leo asubuhi aliisikia redioni mara sita, na mara zote ilifuatiwa na jina la waziri.

— Simama, Refa, alisema, ila sauti haikuwa na nguvu.

Refa akasimama, akajipapasa mfuko wa shati kama anayetafuta kadi ya kumwonyesha Fundi, asiipate.

Mama Birika alikuwa akiwamiminia huku akicheka. Ghafla kicheko kikakatika.

— Wazee, ninyi mnaongea ngoma na kadi. Zile nyumba mnazijua? Dada yangu alikuwa na vyumba viwili pale nyuma ya uwanja. Walikuja asubuhi, uji uko jikoni. Leo analala kwangu na watoto wanne, na mlango wake ameuegemeza ukutani kwangu. Mlango tu. Ndio uliobaki.

Kaimu alitazama chini, lakini alikuwa amesimama muda mrefu kuliko wote, na kusimama kunamfundisha mtu ukali.

— Pole sana, shemeji. Lakini hiyo nayo ni siasa.

— Hiyo ni nyumba!

— Ndiyo hiyo hiyo aliyosemea Dakika Tisini.

— Alisemea nyumba ya dada yangu! Ingekuwa siasa, dada yangu angekuwa mbunge? Anauza mkaa!

Walimtazama Fundi tena. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamejifunga kama uzi uliorukia gurudumu. Akisema ni siasa, amemsimamisha mwanamke kwa sababu dada yake hana pa kulala. Akisema si siasa, basi Dakika Tisini hakuwa na kosa lolote, na kumkalia kiti chake ni dhambi, na binti ataupoteza mkataba. Mama Birika hakungoja hukumu.

— Usijisumbue, kaka. Nasimama mwenyewe.

Akasimama na birika lake. Fundi, ambaye mashine yake imesimama na mguu bado uko kwenye pedali, akaona hawezi tena.

— Jamani. Kile kiti wamempa mwanangu.

— Yupi? Yule wa mvua? Refa alishangaa.

— Yeye. Kabla ya saa saba anatakiwa ajibu. Nimwambie nini?

— Mwambie asiende! alisema Refa. Wenzake wote wamekataa, yeye aende kuwavunja migongo?

— Mwambie aende! Miezi mitatu ya majaribio, bwana, mimi najua maana ya kukaimu. Chelewa chelewa utampata mwana...

— Mwana ninaye tayari, Kaimu!

— Na wewe, mama? Fundi alimgeukia Mama Birika.

Mama Birika alilikumbatia birika lake.

— Sijui, kaka. Naapa sijui. Akienda, ni kama amesema dada yangu alistahili. Asipoenda, dada yangu hapati nyumba, na mwanao hana kazi.

— Basi niseme lolote, ni...

— Ni siasa, Kaimu alimalizia, safari hii kwa upole. Simama, Fundi.

Fundi akaja barazani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akasimama. Na hivyo ndivyo binti yake alivyowakuta, akitokea kona ya barabara na kitambulisho cha kituo kifuani: watu wazima wanne wamesimama juani, na benchi zuri tupu mbele yao.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee. Benchi lina nini? Rangi mbichi?

— Marahaba, mama. Halina kitu.

— Sasa mbona mmesimama?

Binti hakusubiri jibu. Alikuwa ametembea kutoka kituoni kwa miguu, na viatu vilimuuma. Akakaa katikati ya benchi, akaweka simu mapajani.

— Baba, nimeona hujibu ujumbe, nikasema nije. Wenzangu wanasema nikikaa kile kiti nimechukua upande wa wakubwa. Wakubwa wanasema nikikataa nimechukua upande wa Dakika Tisini. Mimi kazi yangu ni kusema kesho itanyesha. Hebu niwaulize kitu kimoja tu, ninyi ni watu wazima. Nani akae pale ili isiwe siasa?

Refa alinyoosha mkono, akaushusha. Kaimu alitafuta wahenga, wahenga hawakumwitikia. Fundi aliangalia mlango wake, ile chaki yake, kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Simu ikaita: mkuu wa kituo. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Binti akaipokea kwa sauti ya nje.

— Ndiyo, mkuu. Nimekusikia. Kabla sijakujibu, mkuu, naomba nikuulize na wewe. Nani akae pale ili isiwe siasa?

Wote wakasogea, vichwa vikainama juu ya ile simu. Walimsikia mkuu akivuta pumzi. Walisikia kiti chake kikilia, kama mtu anayenyanyuka. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Fundi. Likatoa matone mawili na machicha, basi. Kahawa ilikuwa imeisha, na kwa sheria kila mtu alikuwa huru kukaa.

Hakukaa mtu. Mkuu alikuwa bado hajajibu.