Bi Mirriam Mung'aro, Sauti Iliyotia Wivu Majumbani

Tarehe thalathini na moja Disemba, mwaka huu wa tisini na tisa, Bi Mirriam Mung'aro anafunga kazi hapa Maktaba ya Sauti, Makadara, baada ya miaka ishirini na minane. Wengine watasema miaka imekimbia. Kwangu mimi haikukimbia, maana tangu niajiriwe kila anayeingia yuwauliza, "Bi Mirriam yupo?" Hajatokea hata mmoja wa kuuliza, "Kache yupo?" Na mimi ndiye ninayekaa mlangoni.

Bwana Muhdhar, mwenyekiti wetu, aliponiambia nitoe maneno ya jarida, nilimwambia shule yangu ni ya kuchungulia dirishani. Akasema we sema tu, Bonface atapiga taipu. Basi nasema. Na wewe Bonface, usininyooshee maneno.

Kwa asiyetujua, maktaba yetu ni ya watu wasioona, na vitabu vyetu ni kaseti. Bi Mirriam aliingia hapa sabini na moja kupiga taipu, wanasema akiwa mwembamba kama ufagio, mimi sikuwapo. Alikaa na taipu yake mpaka mwaka wa tisini tulipoletewa ensaiklopidia, yale mabuku mazito yenye habari za kila kitu duniani, kutoka mchwa mpaka mwezi. Kiingereza kitupu. Akaambiwa ayageuze kwa Kiswahili ayasome kwenye kaseti. Stoo ya nyuma ikawa studio, magodoro ukutani, blanketi mlangoni. Kunguru wa Makadara hawakukubali kuachwa nje. Kwenye kaseti ya Mwezi wamo, tena wanalia vizuri, na kuna wasomaji mpaka leo wanaamini huko mwezini kuna kunguru.

Kusoma si kazi. Hata Bonface anasoma. Kazi ilikuwa picha. Buku lile kila ukurasa lakwambia tazama picha, haya, na msomaji wako asiyeona atatazama nini? Mwengine angeruka. Bi Mirriam hakuruka hata moja. Sisi hapa tukaiita kazi hiyo kuisema picha. Neno "tazama" alilipiga marufuku, na "hapo juu", na "kama unavyoona". Picha ya dunia aliisema kwa chungwa: shika chungwa, tafuta kwa kidole pale palipokuwa na kikonyo, hapo ndipo juu ya dunia. Bwana mmoja wa Makupa aliirudisha kaseti ya Dunia inanata maji ya chungwa. Aliyeipangusa ni nani? Si yeye.

Na ile sauti, jamani. Si sauti ya kuimba. Ni sauti ya mtu anayekupa habari taratibu, hana haraka na wewe, kama kwamba mchana kutwa ni wako. Mimi niliwahi kujirekodi siku moja yeye akiwa likizo. Nilipojisikiliza, nilikuwa kama nanadi samaki.

Basi wivu ulikuwako, tusifichane. Si kijicho, ni wivu wa kawaida tu, wa watu wanaokula sahani moja. Bonface alimwonea wivu kwa sababu ya feni, maana feni moja tuliyonayo ilikaa studio. Mimi nilimwonea wivu kwa sababu ya mahamri. Wasomaji walimletea mahamri, halua, viazi vya karai vya moto, na vyote hupita mezani kwangu kwenda kwake, kisha hurudi karatasi ya mafuta nikaitupe. Si kweli, alinigawia. Lakini kugawiwa si sawa na kuletewa.

Sasa wivu mkubwa ulitoka nje, mwaka wa tisini na tatu.

Tulikuwa na msomaji wetu Kahindi, anapokea simu kwenye ofisi ya mawakala wa mizigo kule Kilindini. Alitaka kuingia chuo cha wale wanaokanda na kunyoosha viungo hospitalini. Mtihani wake wa kuingia ulitaka ajue mwili wote, moyo, mifupa, misuli, na mtihani wenyewe ulikuwa karibu. Kitabu cha kumfaa hakuna, ila kaseti zetu. Bi Mirriam akaanza na Moyo. Kwenye buku, moyo umechorwa umepasuliwa katikati, mishale kila upande. Utaisemaje hiyo? Yeye akaona afadhali msomaji ajipapase mwenyewe, maana moyo anao.

Kwa hivyo jioni moja mkewe Kahindi, jina lake Ketty, yuko jikoni anapaa samaki, akasikia chumbani sauti ya mwanamke, nyororo, haina haraka, yasema: "Weka mkono wako kifuani. Kushoto kidogo. Tulia. Wasikia unavyodunda?"

Na mumewe akaitikia, "Naam, nasikia."

Asubuhi yake Ketty alikuja na kaseti zote kwenye kikapu, akanimwagia mezani. Akauliza, "Huyo mwanamke wenu yuko wapi?" Nilimwonyesha mlango wa studio kabla hajamaliza kuuliza. Aliyosema mle ndani yalisikika mpaka kwa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara. Kwa ufupi, Kahindi haazimi tena, na kama ni kufeli mtihani, afeli akiwa na heshima zake.

Habari za namna hiyo hazilali. Juma lile lile wakaja wake wengine wawili, mmoja na mamake. Bwana Muhdhar ni mtu mwema lakini haogopi kitu duniani kama kelele za wanawake, akamtoa Bi Mirriam kwenye maikrofoni, akamweka Bonface. Bonface, hapa piga taipu tu usinitazame. Alisoma Figo kama anayetangaza kuwasili kwa treni. Wasomaji walirudisha kaseti hazijafika nusu. Naye Kahindi hakuwa hata na Bonface. Mifupa haijarekodiwa, misuli haijarekodiwa, siku zaenda. Alinipigia simu kutoka kazini kwake, sauti chini kama mwizi, aniuliza kama kuna namna. Nikamwambia namna iko nyumbani kwako, bwanangu, yakupikia.

Bi Mirriam hakulalamika. Alinituma Mji wa Kale nikamwombe Ketty aje, aje tu akae studio aone kazi inavyofanywa. Nilikwenda mbio, maana nyumba yao nilikuwa sijaiona ndani. Ni safi, haina neno, ila mapazia hayalingani.

Ketty akaja, uso umefunga. Akakalishwa. Mimi nilibaki kwenye blanketi la mlangoni nikilishikilia lisianguke. Bi Mirriam akamweleza mambo ya moyo, na chungwa, na kwa nini mkono kifuani. Ketty akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo mimi sitayasahau.

"Mimi sikuja kwa ajili ya kifua. Mimi ndiye macho yake. Mvua ikija ni mimi namwambia wingu liko wapi. Watoto walipozaliwa ni mimi niliyemwambia wamefanana na nani. Sasa akitaka kujua kitu haniiti. Abonyeza kidude, aniambia nyamaza, Bi Mirriam yuwasema."

Bi Mirriam hakumbembeleza, wala hakumwambia pole. Alifungua buku mahali penye picha ya nyangumi, akamsogezea maikrofoni.

"Basi hii iseme wewe, mamangu. Mwambie."

Ketty akaitazama ile picha weee. Kisha akaiinamia maikrofoni kama anayeita mtu chumba cha pili. "Kahindi, wajua kutoka mlango wetu mpaka kwa fundi cherehani. Samaki huyu akilala hapo, mtaa mzima hatutoki."

Bi Mirriam alicheka mpaka kaseti ikaharibika. Halafu ndipo wakaanza kugombana sawasawa, kikazi. Bi Mirriam asema msomaji wa Makupa hamjui huyo fundi wenu. Ketty asema asiyemjua aulize. Bi Mirriam asema kaseti ni ya watu wote. Ketty asema watu wote nao wana majirani. Wakavutana hadi adhuhuri, mwisho wakakubaliana kwamba nyangumi akilala barabarani, mabasi mawili yakifuatana bado hayamalizi urefu wake. Ketty aliingoja taa nyekundu ya kurekodi izimike, akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ya fundi ilikuwa bora.

Kutoka siku hiyo Bi Mirriam akawa anasoma, Ketty anasema picha. Bwana Muhdhar alifurahi kupita kiasi, akasema mke akiwamo mwenyewe ndani ya kaseti, nani atakuja kushtaki? Mifupa ikaingia, misuli ikaingia. Kahindi aliniambia kwamba mkewe alipokuwa akimwagiza kwenye kaseti anyooshe shingo, alinyoosha kweli, hata kama mkewe mwenyewe yuko sokoni. Mtihani akapasi. Leo yuko hospitali, anakanda migongo ya watu. Wangu pia ameukanda, na mkono anao.

Mwaka jana ikaletwa kompyuta inayozungumza, na ensaiklopidia yetu ya Kiswahili sasa iko kwenye mtandao, haina mabuku. Bonface akatembea kifua mbele mwezi mzima. Mashine yenyewe ilisoma maneno yote vizuri, lakini ikifika kwenye picha yasema "picha" na kupita zake. Picha. Picha. Picha. Kama mtoto aliyejua neno moja. Bi Mirriam na Ketty wakatoa kaseti zao za zamani, wakasikiliza walivyosema, na Bonface akaziandika picha zile moja moja kwenye kurasa zetu za mtandao, ili mashine ikifika hapo iwe na la kusema. Sasa yasema. Ina sauti ya mtu mwenye mafua, na hakuna mke hata mmoja aliyekuja kuiulizia.

Kuanzia Januari kiti cha studio, na feni yake, ni cha Ketty. Bi Mirriam ndiye aliyempendekeza. Kiti kile nilikitaka mimi, na nimemwambia Bi Mirriam hivyo hivyo machoni pake. Akacheka, akaniambia Kache, wewe ukipewa maikrofoni wasomaji watajua habari zote za Makadara na hawatajua habari za nyangumi.

Jumamosi iliyopita tulimwandalia chai ya kumuaga. Watu wakasema mengi, Kahindi akasema, Ketty akalia. Mwisho akasimamishwa mume wa Bi Mirriam, Mzee Sammy, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache. Alisimama amekunja kofia.

"Mke wangu akirudi nyumbani hasemi. Anaitunza sauti, ni ya kazi. Anywa tangawizi, anijibu kwa kichwa. Mimi nikitaka kumsikia, naja hapa naazima kaseti."

Mimi nikashika mdomo. Ni mimi niliyekuwa nikimwazima. Miaka yote nilidhani ana jirani asiyeona, nami sikuuliza, mimi Kache, sikuuliza. Mchwa amechukua, Mwezi amechukua, Nyangumi kamchukua mara sijui ngapi. Sote tulikuwa tukioneana wivu hapa kwa feni na mahamri, kumbe aliyekuwa na haki ya kuona wivu alikuwa akija na kofia mkononi, ashukuru, aende zake.

Bi Mirriam, kwa wasomaji wote uliowasemea dunia, ahsante. Kwa mahamri ya nusu nusu, ahsante pia. Nenda nyumbani ukaseme mpaka uchoke, asubuhi kwenye chai na usiku taa ikizimwa. Mungu akupe afya na miaka mingi, na koo lisikukauke. Mzee Sammy, kuanzia Jumamosi tutakuonea wivu wewe. Na zile kaseti tatu zilizo kwako, tafadhali zirudishe. Huzihitaji tena.

Kache, wa mlangoni