Mama Alisema Si Asali

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Namshukuru Mungu aliyenirudishia mama yangu, na hasira bado ninazo, sifichi.

Mama yangu, Bi Raya, ni mke wa mrina. Marehemu baba alirina asali mikandaani, kwenye miti ya ufukweni, maisha yake yote. Mwaka jana mama akaanza kusahau: sufuria jikoni, rakaa za sala, mwisho jina la mwanangu anayemlea mwenyewe. Hapo akaja mtu kijijini kwetu Ole na mkoba wa chupa. Kilemba safi, maneno laini. "Asali ya ubongo hii, dada. Vijiko vitatu kwa siku, bibi atakutajia hata mahari yake." Nikanunua. Mimi, niliyefika kidato cha nne.

Kijiko cha kwanza mama alikitema. "Hii si asali. Sukari ya kuchemsha hii."

"Meza, mama, ni dawa."

"Mie mke wa mrina, unanitia sukari kinywani unanambia asali?"

Ndugu zangu, nikamgeukia shangazi aliyekuwa kando yetu nikasema, "Ndiyo ugonjwa wenyewe, hata asali haijui tena." Nikambana mama, nikamlisha. Wiki ya tatu kiu haimkatiki, chooni kila saa, na mimi ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Nikampigia muuzaji. "Ongeza kijiko, dada. Dawa inapambana."

Nikaongeza.

Asubuhi moja nikamwamsha, hawezi hata kukaa. Tukamkimbiza hospitali Chake Chake, wakamtoboa kidole kumpima damu. Sukari imepanda kupita kiasi. Mama alikuwa na kisukari, hatukujua, nami namlisha sukari kwa mkono wangu. Daktari akanambia hata asali safi ingempandisha sukari, na hajaona asali inayorudisha kumbukumbu. Anayesahau hupimwa kwanza.

Nikampigia tena muuzaji. Simu imezimwa.

Alhamdulillah, kwa dawa za hospitali mama amerudi. Si kama zamani, funguo bado anazisahau, lakini rakaa anazijua na mjukuu anamwita kwa jina. Nilimpigia magoti kumwomba radhi.

"Radhi nimekupa," akasema. "Ulimi wangu ulikuwa mzima. Yaliyougua ni masikio yako."

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, na wazee wenu wapelekeni wakapimwe. Mwenye chupa na maneno laini mwacheni apite. Na mzee aliyesahau jina lako akikwambia hii si asali, weka kijiko chini.